Shangazi, lile kasha la babu usilitupe

Shangazi shikamoo. Mi mzima, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, ndo salamu alizotufundisha babu kwahiyo naanza nazo hizohizo.

Nimeambiwa unasafisha stoo na lile kasha lake la kuandikia barua limewekwa kwenye vitu vya kutupa. Shangazi nakuomba sana, niwekee. Idi nilipokuja nililifungua, mna kidau cha kioo wino umegandia chini umekuwa kama unga wa bluu, mna kipande cha lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, kimeyeyuka upande mmoja, na kalamu ya kuchovya ile yenye mpini wa mti na nibu zake nne, zile ncha za chuma, zimeshika kutu. Nibu moja nikaisugua na kitambaa likatokea neno Birmingham, na kweli karne ya 19 nibu nyingi za chuma duniani zilikuwa zinatoka mji huo.

Ile nibu haina tangi la wino, ina mpasuko mwembamba tu katikati wino unashuka humo kidogo kidogo, ukiandika maneno machache unachovya tena, ndo maana kwenye barua zake mwandiko unaanza umekolea unafifia mpaka karibu upotee alafu unakolea upya. Ile babu aliyoniandikia mama alipofariki, amechovya katikati ya jina langu.

Afu kuna karatasi nene ya kukaushia wino, hiyo ndo naiomba kuliko vyote. Wino wa zamani ulikuwa unachelewa kukauka, mpaka Parker, kampuni ya kalamu, wakatoa wino wao wa Quink mwaka 1931 wakiusifia kwamba unakauka haraka, kwahiyo ulikuwa unaandika alafu unagandamiza ile karatasi juu inanyonya na kubaki na maneno yamegeuka. Niliishika mbele ya kioo nikasoma "mwanangu" na chini yake "nauli". Nadhani hiyo barua ni yako shangazi, enzi zile upo bodingi.

Barua kongwe kabisa za Kiswahili tulizonazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na zimepona kwa vile zilikaa kwenye nyaraka za Wareno kule Goa, India. Kalamu na kidau vilivyoziandika sasa nani anavyo?

Mwezi ujao ntakuja kulichukua mwenyewe. Kama linakubana lisukume chini ya kitanda chumba cha uani, ila ile karatasi ilaze isikunjike.

Wasalaam, mwanao.