YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKASHA YA INJINI YA ALUMINIAMU NA NENO "BATILI" MLILOLIGONGA KWA NYUNDO

Gereji ya magari ya kale,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kiwanda cha kusubu na kuchonga vyuma.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Malindi. Tunaandika kwa adabu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu mmetustahi.

Barua hii ni ya makasha mawili ya injini ya Porsche 911 lita 2.7, nusu nne kwa jumla, mliyotusubia kwa aluminiamu ya kusubu ya aina ya A356 na kutuchongea. Masharti ya dhamana mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo hatupotezi karatasi kuyanakili. Tunachotaka ni makasha mawili mapya yaliyo sawa, kwa gharama yenu.

Kasha la kwanza tulilirudisha kwenu pamoja na karatasi ya vipimo, kila tundu limeandikwa. Mkaguzi wenu hakuisoma. Hakuchukua geji ya matundu, hakuchukua mikromita. Aliilaza nusu ya kushoto juu ya benchi, uso wa maungio, pale nusu mbili zinapokutana, ukiangalia juu, akachukua herufi za chuma na nyundo, akagonga neno BATILI kwenye uso ule ule uliochongwa. Kisha akamwambia mzee wetu wa leithi, mtu wa umri wa baba yake: "Nyinyi wa Malindi kazi yenu tuktuk na mashine za mashua. Haya yaacheni."

Tuktuk tunatengeneza, na mashine za mashua pia, wala hatuoni haya. Lakini hata fundi wa tuktuk anajua kuwa uso wa maungio haugongwi nyundo.

Kwa faida ya walio ofisini, maana wa karakanani walipaswa kujua: kasha hili hugawanyika kushoto na kulia, na mstari wa mgawanyo unapita katikati ya matundu ya beringi za krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Baina ya nusu mbili hakuna gasketi. Ni chuma kwa chuma, na utando mwembamba wa gundi ya kuzuia oili. Ukigonga herufi kwenye aluminiamu, chuma hakipotei. Kinasukumwa kando na kuinuka ukingo. Ukingo wa herufi L tumeupima kwa geji ya saa, umeinuka milimita 0.07. Tundu la beringi linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 62.000 na 62.019, yaani nafasi ya mikroni 19 tu. Ukingo wenu peke yake umepita nafasi hiyo mara tatu na zaidi, na nusu mbili hazikai tena pamoja.

Mtasema ukingo usuguliwe kwa jiwe. Utaisha, lakini mashimo ya herufi yatabaki, na herufi mbili za mwisho zimekaa kando ya njia ya oili. Hapo oili itavuja, na hakuna gundi itakayoizuia injini ikishapata moto. Mkiusawazisha uso mzima hadi mashimo yaishe, mtaondoa kama milimita 0.3, na matundu yote ya krankshafti, pamoja na ya shafti ya kati inayozungusha pampu ya oili, yatapoteza mviringo. Kazi yote ya laini-boringi, yaani kupekecha matundu yote kwa mstari mmoja, itaanza upya, na viti vya silinda vya upande huo vitakuwa vimesogea karibu na krankshafti. Kwa ufupi, kasha lilifika kwenu na kasoro, likatoka kwenu chuma chakavu.

Sasa kasoro zenyewe, zile ambazo mkaguzi hakutaka kuziona.

Matundu ya beringi. Tulizifunga nusu mbili kwa pini zake za kuongozea na bolti zote ndefu, tukazikaza kwa Nm 35, ndipo tukapima. Matundu ya mwanzo na ya mwisho yako ndani ya kipimo. Namba 4, ukipima kufuata mstari wa maungio, ni 62.02, ukipima kuukata mstari huo, ni 61.97. Namba 5 nayo ina ugonjwa huo huo. Tundu linalobanwa upande wa kukata maungio, na zaidi sehemu za katikati, linaeleza lenyewe lilivyopekechwa: nusu zilishikwa kwa klampu za meza, bolti za katikati hazikukazwa, au zilikazwa kwa mkono tu. Kasha hupekechwa likiwa limekazwa kama litakavyokazwa kwenye injini, na matundu yote kwa mkao mmoja wa mashine, bila kulifungua wala kuligeuza.

Viti vya silinda. Tundu la milimita 97 mlilipata vizuri, tunawashukuru kwa hilo moja. Lakini uso wa kiti cha silinda namba 5 uko chini ya jirani zake kwa milimita 0.12. Kila upande wa injini hii una hedi tatu zilizo mbalimbali, na juu yake nyumba moja ya kamshafti, shafti inayofungua vali, inazifunga zote. Hedi ya katikati ikiwa chini, nyumba inavutwa ikikazwa, na kamshafti inakuwa nzito kuzunguka kwa mkono kabla hata minyororo haijafungwa. Ukiiwasha hivyo italiwa.

Ugumu. Cheti chenu kimeandika T6, yaani chuma kimepikwa ili kiwe kigumu. Tulipima penye unene karibu na mguu wa injini tukapata 58 kwa kipimo cha ugumu cha Brinell, na mahali pengine kidogo chini ya hapo. A356 iliyopikwa T6 sawasawa hucheza karibu na 80. Hiyo 58 ni ya chuma kilichotolewa kwenye kalibu kikapoa chenyewe. T6 ni saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 540 hivi, kuchovywa majini bila kuchelewa, kisha saa nyingine kwenye nyuzi 155 au 160. Inakula umeme na inakula muda, na ndiyo maana bei yenu ina mstari wake peke yake wa T6. Mstari huo tuliulipa.

Na hili la ugumu ndilo roho ya oda nzima! Makasha ya asili ya 2.7, ya magari ya 1974 hadi 1977, ni ya magnesiamu. Silinda na hedi zikipata moto hutanuka kuliko stadi, bolti ndefu za chuma zinazozishika, stadi zinavuta, na nyuzi za skrubu ndani ya magnesiamu zinang'oka. Ndiyo maana kila fundi wa injini hizi ana boksi la bushi za nyuzi. Porsche wenyewe walirudi kwenye aluminiamu, kwa 911 Turbo ya 1975, kisha 911 SC ya 1978, na SC ndiyo aliyoshika nayo nafasi ya pili Vic Preston Mdogo kwenye mbio za Safari Rally za mwaka huo huo. Mwenye gari alilipia aluminiamu ili stadi zake 24 zishike. Aluminiamu laini ya 58 inamrudisha alikotoka, na kilo zimeongezeka juu yake, maana magnesiamu uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya aluminiamu. Wala matundu ya stadi hayako wima: manne kati ya hayo yanalala kiasi cha stadi kugusa mapezi ya silinda.

Vitundu. Hili liko kwenye makasha yote mawili. Tuliziba njia kuu ya oili, tukaingiza hewa ya baa 4, tukalizamisha kasha kwenye maji ya moto. Mapovu yalitoka kwenye ukuta wa njia ya oili, mengine kwenye ubavu wa tundu namba 6. Vitundu ni vya aina mbili, na kila aina ina mwenyewe. Vya duara, kuta laini zinazong'aa, ni gesi ya haidrojeni: vipande vya aluminiamu viliingia tanuruni na unyevu, au viini vya mchanga vinavyoacha nafasi ndani ya kalibu havikukaushwa, na chuma kilichoyeyuka hakikupulizwa agoni kabla ya kumiminwa. Vya kukwaruza, vyenye matawi, vilivyokaa pale ukuta mwembamba unapokutana na unene wa kiti cha beringi, ni chuma kilichokosa chuma cha kukilisha kikipoa. Hapo panatakiwa kipande cha chuma cha kupozea ndani ya kalibu, au akiba ya kumwagia juu yake. Kiini cha njia ya oili nacho kilisogea: ukuta mmoja una milimita 3, wa pili 8.

Haya yote yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mkononi mwa mkaguzi.

Turudi kwenye siku ile, kwa sababu hapo mwanzo tuliipita haraka na haifai ipitwe haraka. Mzee wetu alilipakua kasha mwenyewe, akalitandikia gunia safi. Mkaguzi akaliondoa gunia. Mzee akamwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, pima kwanza." Jibu alilopewa: "Nikipima mimi, wewe utafanya nini?" Halafu zikaja herufi. Hazikupigwa mara moja moja. Nyingine zilipigwa mara mbili kwa sababu hazikuingia vizuri. Kwenye I ya mwisho stempu iliteleza ikakwaruza hadi ukingoni mwa tundu namba 4, lile lile tulilokuja kulilalamikia. Sasa mkilipima mtasema kasoro ni mkwaruzo. Alipomaliza ndipo yakaja maneno ya tuktuk, kwa sauti ya kusikika na wateja wengine. Na Meneja wa Karakana alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai mkononi, akitazama. Hakusema neno. Mzee alilikunjia kasha gunia lake akalibeba.

Mheshimiwa, kama dhamana ilikuwa imekwisha, kwenu kuna kalamu na karatasi. Kama ni lazima kuandika kwenye chuma, kasha lina ubavu wa nje mpana usiochongwa. Kuchagua uso wa maungio ni kuchagua kuharibu, na kuharibu ushahidi.

Tulipopiga simu baadaye, ofisi ya mauzo ilitueleza kwamba bidhaa ikishaguswa na fundi wa nje haina dhamana. Kupima ndiyo kugusa? Na kabla ya hapo, wakati mnataka malipo ya awali, maneno yenu yalikuwa kwamba mteja ana haki ya kukagua kabla ya kufunga. Mlitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tulisema juu tunataka makasha mawili mapya. Tumefika hapa tumebadili rai. Hatutaki tena kitu chochote kutoka kwenye kalibu zenu. Tunadai mturudishie fedha zote tulizolipa, pamoja na mstari wa T6, gharama za kusafirisha kwenda na kurudi, na malipo ya vipimo vya ugumu. Tunadai pia barua ya kumwomba radhi mzee wetu, yenye sahihi yako wewe, si ya mkaguzi, na si ya Meneja aliyekuwa anakunywa chai. Ubao wa mfano wa kalibu ni mali ya mwenye gari, aliulipia peke yake. Nao tunautaka pamoja na viini vyake. Mkisubu kasha jingine lolote kwa ubao huo kumuuzia mtu mwingine, tutalihesabu ni wizi.

Tunawapa siku 14 kuanzia siku mtakapopokea barua hii. Hatutapiga simu tena. Zikipita, wakili wetu atafungua madai mahakamani hapa Malindi, na msitarajie tutadai bei ya makasha peke yake: tutadai na kazi iliyosimama, na hasara ya mwenye gari. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Cheti kinachosema T6 juu ya chuma cha 58 tutakipeleka pia kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, nao wapime wenyewe.

Kasha lenye neno BATILI liko kwetu. Limepakwa oili, upepo wa bahari usilile, na halitaguswa na mtu hadi lifike mbele ya hakimu. Kasha la pili halijafungwa bolti hata moja. Mkitaka kutuma mtu kuyapima kabla ya siku 14 kwisha, mlango uko wazi, aje na geji zake. Mkaguzi yule asije.

Wako,

Msimamizi wa Karakana,
kwa niaba ya mafundi na mwenye gari.

Viambatanisho: karatasi ya vipimo vya makasha yote mawili, picha za uso wa maungio na vitundu, nakala ya cheti cha T6, nakala za risiti.

Nakala: Wakili, Malindi.