Heri ya Nairuzi, na ile jamhuri iliyokwama

Heri ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiirani, kwenu nyote mliotandika sofra ya haft-sin, yaani ya vitu saba vya sikukuu hii, na kwenu wa Makunduchi mnaoungoja Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Kama ngano ya sabzeh, yaani ile inayooteshwa kwa ajili ya sofra, imeota ukungu, maji yalituama kwenye sahani. Ikishaloweka na kuanza kuchipua, unyevu wa kitambaa unaitosha.

Kila Farvardin, mwezi wa kwanza wa Kiirani, ikiingia hukumbukwa Nairuzi ya mwaka 1303 wa Kiirani, yaani Machi 1924. Wafuasi wa Reza Khan, waziri mkuu wa Iran, walitaka ufalme wa ukoo wa Qajar ufutwe na jamhuri itangazwe kabla mwaka haujageuka. Haraka hiyo iliwaponza. Uturuki ilikuwa imefuta ukhalifa tarehe 3 mwezi huo huo, na masheikh wakaona jamhuri itawafikisha huko huko. Kisha Modarres, mbunge aliyeongoza upinzani, akapigwa kofi katika jengo la Bunge, na waliokuwa wakisitasita wakahamia kwake. Machi 22 umati ulifurika Baharestan, penye Bunge, kuipinga jamhuri. Askari wakauvamia kwa vipigo, na spika akamjia juu Reza Khan. Reza Khan akaenda mji wa Qom kuonana na maulamaa, na Aprili 1 akatangaza kuachana na jamhuri.

Taji likabaki, likabadilisha kichwa tu. Oktoba 31, 1925, Bunge liliwavua Qajar ufalme. Mbunge Mosaddegh alipinga kwa hoja ambayo hadi leo haijapata jibu: kikatiba shah, yaani mfalme, hatawali; Reza Khan akiwa shah na akatawala, huo ni udikteta, asipotawala, nchi imepoteza waziri mkuu hodari. Tatizo jingine ni kwamba ibara ya 36 ya Katiba iliutaja ufalme kuwa wa Muhammad Ali Shah Qajar na kizazi chake, na Katiba yenyewe haikueleza namna ya kurekebishwa. Ndiyo maana likaitishwa Bunge Maalumu la Katiba, ambalo Desemba 12 lilimpa Reza ufalme, na kuongeza kwamba mama wa mrithi awe Mwirani wa asili. Sharti hilo liliwageukia wenyewe: mwana wa Reza, mrithi wake, alipochumbiwa Fawzia, binti mfalme wa Misri, mwaka 1938 ilibidi itungwe sheria ya kumhesabu binti huyo kuwa Mwirani!

Bunge lile lile lililowavua Qajar ndilo lililopitisha, Machi 31, 1925, kalenda tunayoifungua leo: miezi 6 ya siku 31, 5 ya siku 30, na Esfand, mwezi wa mwisho, ya 29 au 30. Nairuzi njema, na Sizdah Bedar, siku ya kumi na tatu ya kutoka nje kupunga hewa, ya amani.