Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: saa nane za usiku kliniki zimefungwa, lakini simu iko mkononi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuomba huduma ya meseji za usiku kwa watu wanaokunywa ili wasahau, na nitaanza na habari za kaka yangu, kwa ruhusa yake. Alikuwa askari wa zimamoto kwa miaka 14. Kuna moto mmoja aliouzima pamoja na wenzake ambao kwake yeye haujazimika mpaka leo. Akisikia chuma kikiburutwa sakafuni huganda pale pale, kikombe mkononi, macho yamekwenda mlangoni. Mtaa ule hapiti tena. Halali taa ikiwa imezimwa. Na kila usiku hunywa mpaka usingizi umchukue, kwa sababu akilala bila kunywa hurudi ndani ya nyumba ile.

Watu humwita mlevi. Mimi mwenyewe niliwahi kumwita hivyo mbele ya watoto wake, na neno hilo bado linanichoma.

Sikujua wakati ule kinachotokea mwilini mwake. Ni kweli pombe humlaza mtu upesi. Lakini katika nusu ya kwanza ya usiku hukandamiza ule usingizi unaobeba ndoto, na mwili ukishaanza kuimaliza, ndoto hurudi kwa kishindo. Ndiyo maana kwenye saa nane au saa tisa huamka katota jasho, moyo unamwenda mbio, jinamizi limezidi la jana. Kisha hupapasa chini ya kitanda kutafuta kilichobaki kwenye chupa. Anakunywa ili asiote, na pombe hiyo hiyo ndiyo inayomrudishia ndoto.

Alipokubali kutafuta msaada, na kukubali kwenyewe kulichukua miaka, alipigwa danadana. Kliniki ya afya ya akili ilimwambia aache pombe kwanza, ndipo wazungumze habari za kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Kwenye huduma ya walevi akaambiwa tatizo lake ni la akili, arudi kule alikotoka. Alikwenda na kurudi mara tatu, na baada ya hapo hakwenda tena popote. Mheshimiwa, mtu aliyejikaza hivyo mpaka akafika mlangoni hapaswi kurudishwa. Hata hofu inayowafanya wahudumu waseme hivyo, kwamba kugusa kiwewe kutamzidishia mtu ulevi, imeshapimwa. Mwaka 2012 Katherine Mills na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti wa watu 103 waliokuwa na msongo wa baada ya kiwewe pamoja na utegemezi wa vilevi. Waliotibiwa mambo yote mawili kwa wakati mmoja, ikiwa ni pamoja na kulisimulia tukio na kulikabili hatua kwa hatua, walipata nafuu kubwa zaidi ya kiwewe kuliko waliobaki na huduma ya kawaida, wala ulevi wao haukuzidi kwa ajili hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya kaka kuacha kazi, mwenzake mmoja wa kikosini alikuwa akimtumia meseji kila siku saa tano za usiku. Neno moja tu: "Umelala?" Kaka hujibu: "Bado." Pengine huishia hapo. Pengine mwenzake huongeza: "Leo je, kesho itakuwa na nafuu?" Nimezisoma, alinionyesha. Ni miezi saba ya maneno mafupi kiasi kwamba ukiyaandika yote hayajazi kurasa mbili. Lakini aliniambia kwamba katika miezi ile alikuwa akiichelewesha glasi ya kwanza mpaka ajibu meseji, na baadhi ya siku akishajibu hakuifikia glasi kabisa. Alikuwa anasubiriwa na mtu.

Kisha yule rafiki alipata matatizo yake, meseji zikaanza kuruka siku, mwisho zikakoma. Simlaumu hata kidogo. Alilibeba peke yake jambo ambalo lilipaswa kuwa huduma.

Huduma ya namna hiyo inawezekana, na si ndoto ya dada mwenye uchungu. Kule Marekani, Brian Suffoletto na wenzake waliwafuatilia vijana 765 wanaokunywa kupita kiasi waliokutwa kwenye vyumba vya dharura vya hospitali. Kundi moja lilipata mazungumzo ya meseji kwa wiki 12: kabla ya mwisho wa wiki waliulizwa wanapanga kunywaje, wakaombwa wajiwekee kikomo, na baadaye wakaulizwa imekuwaje. Hao walipunguza siku za kunywa kupindukia, na tofauti ilikuwa bado ikionekana miezi kadhaa baada ya meseji kwisha. Kuna kundi jingine lililoulizwa tu idadi ya vinywaji bila kujibiwa lolote, na hilo halikupata nafuu hiyo. Hapo ningeomba utulie kidogo, Mheshimiwa. Mtu akihesabiwa tu, hanufaiki. Lazima kuwe na jibu. Najua vijana wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya kiwewe, na sitaki kuupa utafiti ule uzito usio wake. Lakini unatosha kuonyesha pa kuanzia.

Hata kabla ya simu za mkononi, Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco, aliwashughulikia wagonjwa 843 waliotoka hospitalini wakiwa wamekata tamaa ya kuishi na wakakataa kuendelea na matibabu. Karibu nusu yao aliwapelekea barua fupi mara chache kwa mwaka, barua zisizodai kitu, za kuwajulia hali tu. Katika miaka 2 ya kwanza waliopata barua walijiua kwa kiwango kidogo kuliko wasiopata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001, na kila nikiyasoma namkumbuka yule mwenzake kaka na neno lake moja la saa tano.

Ninachoomba ni huduma ya meseji kwa namba fupi, ya bure kwa mtumaji na mpokeaji, inayofanya kazi kwenye simu yoyote, hata isiyo na intaneti. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, nazo zinatosha. Mtu achague mwenyewe saa ya kutumiwa, kwa kuwa saa mbaya ya kaka si saa mbaya ya mwingine. Akitaka kuacha, aandike neno moja na aachwe, bila kuulizwa kwa nini.

Na tafadhali, meseji hizo zisiandikwe kama mabango. "Pombe inaua, acha sasa" ni maneno ambayo kaka yangu ameyasikia maisha yake yote, nami nikiwa mmojawapo wa waliomwambia. Saa nane za usiku mtu aliyetoka kwenye jinamizi anahitaji kitu kama: "Umeamka. Ile ilikuwa ndoto, imekwisha. Weka miguu sakafuni, taja vitu 5 unavyoviona." Na jioni kabla ya kunywa: "Leo umepanga glasi ngapi? Nijibu kwa namba, sitakugombeza."

Ipo hatari moja ambayo sitaki mtu yeyote wizarani aipuuze. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa, na hayo hutokea ndani ya siku chache za mwanzo. Kwa hiyo meseji isimwambie mtu aache leo leo bila kwanza kujua anakunywa kiasi gani, na anayejibu kwamba mikono inatetemeka asubuhi apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo anayeandika kwamba hataki kuishi. Nyuma ya mashine lazima awepo binadamu anayesoma, usiku, kwa zamu, aliyefunzwa na anayelipwa.

Siri nayo. Simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Jina la mtumaji lisitaje pombe wala akili, na ujumbe usomeke bila kumfedhehesha mtu mbele ya mwanawe aliyeshika simu kucheza. Kwa askari, wauguzi na wazimamoto, hofu kubwa kuliko zote ni kwamba mkuu wa kazi atajua. Kaka alikaa kimya miaka minne kwa hofu hiyo hiyo. Iandikwe kwenye kanuni, kwa lugha inayoeleweka, kwamba majibu ya watu hawa hayatafika kwa mwajiri.

Sidai kwamba meseji itamponya. Kiwewe kina tiba zake zinazojulikana, zinazofanywa ana kwa ana na mtu aliyesomea kazi hiyo, na hizo ndizo anazostahili. Meseji imshike mkono usiku, asubuhi imwelekeze kwenye chumba kimoja ambapo ataulizwa habari za moto na habari za chupa na mtu yule yule.

Maneno ya meseji hizo yasitungwe na watu wanaolala usingizi mzima. Kaka yangu amesema yuko tayari kuzisoma rasimu zote kabla hazijatumwa kwa mtu yeyote. Ameomba aanze na zile za saa nane.

Wako,
Dada wa askari wa zimamoto