Kampuni zinazouza majina yao nazo zibebe sehemu ya mzigo wa mtaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowakwamisha wafanyabiashara wengi wadogo hapa Nakuru, na ambalo naamini wenzetu wa Kisumu, Kakamega na Eldoret wanalijua pia. Ni suala la mtu anayetaka kununua haki ya kuendesha duka chini ya jina la kampuni inayojulikana, yaani fransaizi, lakini akifika kwa mkopeshaji anaambiwa kwamba jina lake limeorodheshwa CRB, yaani ofisi zinazotunza rekodi za ulipaji wa mikopo, na mazungumzo yanaishia hapo. Maoni yangu ni kwamba katika biashara ya aina hii mzigo wa mtaji haufai kuachiwa mnunuzi na mkopeshaji wake peke yao. Kampuni inayouza jina ndiyo inayoujua mwenendo wa maduka yake kuliko mtu mwingine yeyote, ndiyo inayopokea ada kabla duka halijafunguliwa, na kwa hivyo ndiyo inayostahili kubeba sehemu ya hatari yenyewe.

Ninaandika nikiwa mwanachama wa kamati ya mikopo ya Sacco (chama cha akiba na mikopo) moja mjini Nakuru. Tunapokea maombi ya watu wanaotaka kufungua maduka ya kuku na chipsi, ya mikate, ya kusambaza gesi na ya kufua nguo, yote chini ya majina ya kampuni za Nairobi. Mwombaji mmoja alikuwa mama ambaye amekuwa akiuza chakula kwa miaka mingi karibu na Soko la Wakulima. Alikuja na daftari zake za mauzo, zile nene zenye jalada gumu, kila siku ikiwa na mstari wake: unga, mafuta, makaa, mshahara wa msichana wa kuosha vyombo, na kiasi kilichobaki jioni. Alikuja pia na taarifa ya Lipa na M-Pesa ya mwaka mzima, ambayo ilikubaliana na daftari hizo karibu kila mwezi. Lakini katika faili za maombi yetu ripoti ya CRB huwekwa mbele, na ripoti yake ilionyesha mkopo wa simu wa Sh4,200 uliochelewa kulipwa wakati biashara ilipozorota baada ya korona. Mkopo huo alikuwa ameshaulipa wote. Hata hivyo wengi katika kamati walilifunga faili kabla ya kuzifikia daftari.

Mama huyo hakukata tamaa. Alipata fedha kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye alishika kadi ya pikapu ya kaka yake na kumtoza riba ya kila mwezi. Duka lilifunguliwa na wateja walikuja, maana eneo lilikuwa zuri na yeye ni mpishi hodari, lakini mauzo ya miezi ya mwanzo hayangeweza kulipa riba ile, pango na mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni huendelea kudai kwa matumizi ya jina lake, kwa wakati mmoja. Pikapu ilichukuliwa huku duka likiendelea kuuza. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu hapakuwa na kasoro katika biashara yenyewe. Kasoro ilikuwa katika namna mtaji ulivyopatikana.

Mgala muue na haki yake mpe. Wakopeshaji wana sababu za kutazama historia ya mtu. Sisi wa Sacco tunakopesha akiba za wanachama wenzetu, na mkopo usipolipwa wadhamini ndio wanaokatwa. Mfumo wa kubadilishana taarifa za wakopaji ulianza kutumiwa na benki zetu mwaka wa 2010, na umesaidia kuwazuia watu waliozoea kukopa hapa wakahamia pale bila kulipa. Hata hivyo hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mkopeshaji kumkopesha mtu aliyeorodheshwa. Serikali yenyewe imekiri mara kadhaa kwamba orodha hiyo inawanasa watu wengi ambao makosa yao ni madogo. Kanuni za mwaka wa 2020 ziliondoa kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika Sh1,000. Kisha Novemba 2022 Benki Kuu ilianzisha mpango wa kuwasaidia wakopaji wa simu wapatao milioni 4.2 kurekebisha rekodi zao kwa kusamehewa angalau nusu ya deni, mpango uliodumu hadi Mei 2023. Idadi hiyo ya watu haiwezi kuwa ya walaghai watupu. Wengi wao ni mama mboga, wahudumu wa bodaboda na mafundi, ambao ndio hasa wanaotamani duka lenye jina linalovutia wateja tangu siku ya kwanza.

Sasa nirudi kwa kampuni. Mtu anayefungua kibanda chake mwenyewe hawezi kumwonyesha mkopeshaji biashara itauza kiasi gani, kwa sababu hata yeye hajui. Anayenunua fransaizi yuko katika hali tofauti kabisa. Kampuni ina maduka mengine Nairobi, Thika, pengine hata hapa Nakuru kwenye barabara ya Kenyatta, na inajua duka la ukubwa fulani huuza kiasi gani kwa siku, huchukua miezi mingapi kabla ya kuanza kujilipa, na ni mangapi yamefungwa. Taarifa hizo zingemwezesha mkopeshaji kuipima biashara badala ya kumpima mtu peke yake. Lakini mwombaji anapokuja kwetu, karatasi anazoleta kutoka kwa kampuni ni picha za rangi, bei ya ada na nambari ya akaunti ya kulipia. Tukiomba hesabu za maduka yaliyotangulia, tunaambiwa ni siri ya kampuni.

Kenya haina sheria mahususi ya fransaizi. Afrika Kusini, kupitia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2008, mnunuzi ana haki ya kupewa hati ya maelezo ya biashara siku 14 kabla ya kutia sahihi, na baada ya kutia sahihi ana siku 10 za kazi za kubadili nia bila kutozwa adhabu. Marekani nayo ina kanuni ya siku 14 za kusoma hati kama hiyo kabla ya kulipa au kufunga mkataba. Wabunge wetu wangetunga sheria ya namna hii tungewashukuru, lakini sioni sababu ya kuisubiri. Kampuni inayojiamini inaweza kuandaa hati hiyo leo.

Hatua inayofuata ni ya fedha zenyewe, na hapa naomba uniruhusu nitoe mfano wa hesabu. Tuchukue duka dogo linalohitaji Sh900,000: ada ya jina Sh250,000, vifaa vya kukaangia na majokofu Sh350,000, ukarabati na pango la kuanzia Sh200,000, na bidhaa za mwanzo Sh100,000. Mwombaji ana akiba ya Sh120,000 katika Sacco, na kwa utaratibu wa Sacco nyingi wa kukopesha hadi mara tatu ya akiba anaweza kupata Sh360,000. Pembeni amejiwekea Sh150,000. Kampuni ikidai kila kitu kilipwe mwanzoni, mtu huyu amepungukiwa na Sh390,000, na pengo hilo ndilo linalompeleka kwa mkopeshaji wa mtaani.

Lakini kampuni ikikubali kupokea Sh50,000 za ada siku ya kutia sahihi na Sh200,000 zilizobaki kwa awamu za Sh10,000 kwa miezi 20, na ikimkodishia vifaa kwa miezi 24 vikiwa bado mali ya kampuni hadi malipo yaishe, mahitaji ya mwanzo yanashuka hadi Sh350,000. Mkopo wa Sacco unatosha, na zile Sh150,000 zake zinabaki kuwa kinga ya miezi ambayo wateja bado wanalizoea duka. Marejesho yake ya mkopo, ada na vifaa kwa pamoja, mkopo wa Sacco ukiwa wa riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio la deni kwa miaka mitatu, yatakuwa yapata Sh36,500 kwa mwezi kabla ya pango, mishahara na mrabaha, na yatapanda kidogo iwapo kampuni itatoza riba kwenye vifaa. Si kiasi kidogo. Kama hesabu za maduka mengine ya kampuni hiyo zinaonyesha kwamba duka la kiwango hicho haliwezi kutoa fedha hizo, basi mwombaji asilinunue, na kampuni isimuuzie. Huo nao ni ukweli ambao mtu anapaswa kuujua kabla akiba yake haijatoka mfukoni.

Kampuni zitauliza, je, asipolipa? Jibu liko katika Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017, ambayo naona haitumiki inavyostahili. Sheria hiyo inaruhusu mashine, bidhaa za dukani, mifugo, mazao na hata fedha ambazo mtu anadai wateja wake kuwekwa dhamana na kuandikwa katika sajili ya kielektroniki. Mwenye jokofu na mashine hahitaji hati ya shamba la babu yake. Tena kampuni iko katika nafasi bora kuliko benki au Sacco, kwa kuwa vifaa vikirudishwa inaweza kuvipeleka katika duka lake jingine mara moja, wakati sisi tungelazimika kutafuta mnada na kuviuza kwa bei ya hasara. Hata kama kampuni haitaki kukodisha vifaa, inaweza kumpa mkopeshaji barua ya kuahidi kuvinunua kwa bei iliyokubaliwa iwapo duka litafungwa. Barua kama hiyo ingebadilisha uamuzi wa kamati yetu kuliko mdhamini yeyote ninayemjua.

Kwa wanaotaka kununua maduka haya huku majina yao yakiwa na doa, nina machache ya kuwaambia. Ombeni ripoti zenu za CRB kabla ya kuomba mkopo, maana kila mtu ana haki ya kupata moja bila malipo kila mwaka, na ikiwa ina deni lililokwisha kulipwa au lisilo lenu mnaweza kuipinga na kudai irekebishwe. Lipeni madeni madogo ya simu kwanza. Msiwape fedha watu wanaojitangaza mitandaoni kwamba watawasafishia jina, kwa sababu taarifa ya kweli haifutwi kwa hongo wala kwa ujanja. Deni likilipwa huonyeshwa kuwa limelipwa, ingawa kumbukumbu ya kuchelewa huweza kubaki kwa miaka mitano. Kusajili kampuni ili kuficha rekodi nako hakusaidii, kwa kuwa wakopeshaji hukagua rekodi za wakurugenzi na kuwataka waweke dhamana zao binafsi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mtindo wa kuandikisha mkataba kwa jina la mke, mume au ndugu ambaye rekodi yake ni safi. Familia nyingi zimeona hiyo kuwa njia rahisi. Aliyetia sahihi ndiye mwenye duka mbele ya kampuni na mbele ya sheria, na ndiye atakayedaiwa likianguka, hata kama hajawahi kusimama nyuma ya kaunta hata siku moja. Duka likifanikiwa, aliyelijenga kwa jasho lake hana karatasi ya kuonyesha kwamba ni lake. Mkiwa hamna budi kufanya hivyo, andikeni makubaliano yenu mbele ya wakili kabla ya kulipa ada. Pia hakikisheni kupitia KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara, kwamba jina mnaloliuziwa limesajiliwa na ni mali ya huyo anayewauzia.

Sisi wa Sacco nasi tuna wajibu wetu, na tunaweza kuutekeleza bila kungoja mtu mwingine. Katika mikutano mikuu ya mwaka huu, wanachama wapendekeze sera za mikopo zibadilishwe ili mwombaji aliyeorodheshwa kwa deni dogo ambalo ameshalilipa asikataliwe kabla ya daftari na taarifa zake za mauzo kusomwa, na ili Sacco iwe na fomu maalumu ya maombi ya fransaizi yenye sehemu ya kujazwa na kampuni: mauzo ya maduka yake, yaliyofungwa, ada iliyokubali kupokea kwa awamu, na bei itakayonunulia vifaa. Nitapeleka pendekezo hilo katika Sacco yetu. Na kama kuna kampuni inayouza maduka yake hapa Nakuru ambayo iko tayari kuijaza sehemu hiyo, naomba ijitokeze katika ukurasa huu huu ili waombaji wetu waijue.

Mwanachama wa kamati ya mikopo,
Nakuru