Mbona msaidizi wenu anamtazama tu?

Miezi michache iliyopita baba mmoja alinipigia simu akiwa amefura. Alirudi nyumbani mapema, akamkuta msaidizi wetu, mmoja wa tunaowapeleka majumbani kuwafundisha watu wenye ulemavu wa akili kujifanyia mambo yao, ameketi, mikono magotini, huku kijana wake wa miaka 19 mwenye ulemavu huo akihangaika na kifungo cha shati. "Dada, nawalipa mumsaidie, si mumwangalie. Kumvalisha ni dakika mbili!" Akataka arudishiwe pesa za mwezi mzima.

Lalamiko hili linanifikia kila mara, na leo nalijibu kwa kirefu, maana najua zipo familia zinazoamini kabisa kwamba tunazila pesa zao bure.

Ni kweli, kumvalisha ni dakika mbili. Ila ukimvalisha leo, na kesho utamvalisha, na akifika miaka 40 utakuwa ukihangaika kumtafuta wa kumvalisha siku wewe haupo. Alichokiona yule baba ndiyo kazi yenyewe. Sisi tunaiita kuanzia mwishoni. Msaidizi anafunga vifungo kuanzia shingoni kushuka, anaacha kimoja tu, cha chini kabisa. Hicho ni cha kijana. Anaweza kukiona akiinamisha kichwa, kidole gumba kinasukuma, kidole cha shahada kinavuta upande wa pili. Akikimudu siku kadhaa mfululizo anaachiwa viwili, halafu vitatu, tunapanda hivyo hivyo. Tungeanzia juu angekwama njiani kila siku, na shati likamaliziwa na mtu mwingine. Akianzia mwisho, anayemaliza kuvaa kila asubuhi ni yeye.

Na ile mikono magotini ni agizo langu. Kabla hujamgusa, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watu wengi wenye ulemavu wa akili huhitaji muda zaidi kulipokea neno na kulitendea kazi. Ukimrudia kwa maneno mapya kabla hajamaliza na yale ya kwanza, umemrudisha alipoanzia. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuvalisha, na ndiyo sababu wasaidizi wetu hufundishwa kwanza kabla ya kukanyaga nyumbani kwa mtu.

Manung'uniko mengine ni ya wiki mbili za mwanzo. Tunatoza kamili ilhali hatufundishi chochote, tunamjua mtu kwanza, na bei hiyo siipunguzi. Wapo wanaotuomba tuzungumze na mama mtu saa moja, tuandike mpango, tuanze. Mpango wa namna hiyo ni wa mama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unatambua katika ibara ya 19 haki ya mtu kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Itakuwaje basi tushindwe hata kumuuliza ashindeje Jumanne yake?

Kumuuliza nako kuna namna yake. Tulimhudumia mwanamke ambaye familia yake ilisema anapenda kuchora, kwa kuwa kila akiulizwa alijibu ndiyo. Tukamuuliza: rangi au muziki? Akasema muziki. Tukageuza: muziki au rangi? Akasema rangi. Alikuwa anaokota neno la mwisho ili aturidhishe. Tukaacha maswali, tukawa tunaweka vitu mezani na kuandika mkono wake unaenda wapi, siku baada ya siku. Ulikwenda kwenye kopo la kumwagilia maua. Miaka yote ile alikuwa amekalishwa mbele ya makaratasi.

Mmarekani Michael Smull, mtaalamu wa kupanga huduma za watu wenye ulemavu, amesisitiza kwa miaka mingi kutenganisha yaliyo muhimu machoni pa mtu mwenyewe na yale ambayo wengine wanayaona muhimu kwa afya na usalama wake. Mpango wenye haya ya pili peke yake ni ratiba ya dawa. Lakini ukiyapuuza nayo, mtu anaumia, kama nitakavyoeleza.

Kuna familia iliyotuacha wiki ya tatu ikapata wasaidizi wa bei nafuu, mmoja baada ya mwingine. Binti yao ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, maneno yake machache. Katikati ya mwaka akaanza kujipiga kichwani. Kila msaidizi mpya alimkuta hivyo, akadhani ndivyo alivyo. Ikafika mahali wakawa wanatafuta dawa ya kumtuliza. Waliporudi kwetu, msaidizi aliandika siku tisa tu: saa ngapi, alikuwa anafanya nini, mkono upi, upande upi. Ni upande wa kulia, kila mara, hasa akitoka kulala. Nikawaambia wampeleke kwa daktari wa masikio. Njia ya sikio kwa wenye hali hii mara nyingi huwa nyembamba, na nta ilikuwa imeziba na kushindilia. Ikatolewa, kujipiga kukaisha. Ila alikuwa ameshajifunza kumwogopa yeyote anayesogeza mkono kichwani pake, na ilituchukua miezi mitano kufika mahali akakubali kuchanwa nywele. Miezi hiyo mitano waliilipia. Nilisikitika kuwaandikia ankara ile, lakini kazi ilikuwepo.

Ndiyo maana naung'ang'ania msaidizi yule yule, mwenye daftari, ambaye mshahara wake unalipia pia saa anazokaa kuandika. Asiyemjua mtu akiwa mzima hawezi kujua kwamba leo anaumwa.

Yule baba sikumrudishia pesa. Nilimwomba aje akae kimya asubuhi tatu, akaja. Kijana sasa anafunga vifungo vyote isipokuwa cha shingoni. Tulipokifikia alikataa, akashika koo akasema kinamkaba. Wiki zote zile msaidizi wetu alikuwa akimfungia hicho cha kwanza kabisa, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza. Tumeandika kwenye mpango wake: cha juu kibaki wazi.