Risala ya Klabu ya Uchukuzi kwa Mgeni Rasmi: Treni Fupi Zinazovuka Mpaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja skulini kwetu. Mada ya maonesho ya mwaka huu, kwa kisiwa kisicho na reli, inaonekana ya mbali: treni fupi za abiria zinazovuka mpaka, zile anazopanda mtu asubuhi kwenda kazini nchi ya pili na jioni akarudi kulala kwao. Lakini Zanzibar si mgeni wa reli. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilileta hapa reli za upana wa futi 3, ikazitandika kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kiasi cha maili 7. Leo anayesubiri daladala ya Bububu ni rahisi kusahau kwamba njia hiyo iliwahi kuwa na gari moshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kampuni tuliyoichambua zaidi ni TILO, iliyoundwa mwaka 2004 kuendesha treni za mkoa baina ya Ticino, upande wa Uswisi, na Lombardia, upande wa Italia. Hisa zake leo ni nusu kwa nusu: Shirika la Reli la Uswisi na kampuni ya Trenord ya Italia. Treni zake zinaunganisha Bellinzona, Lugano, Mendrisio na Chiasso na miji ya Como, Varese na Milano. Miongoni mwa wateja wake ni wafanyakazi wanaokaa Italia na kufanya kazi Uswisi, na mtu wa namna hiyo akichelewa dakika kumi kila siku, mwezi hauishi ameshanunua gari.

Reli za pande zote mbili zina upana mmoja, milimita 1,435. Tabu iko juu, kwenye waya. Uswisi inatumia umeme wa mkondo geu wa volti 15,000, unaogeuka mara 16.7 kwa sekunde. Kiwango hicho cha chini ni urithi wa mota za zamani, ambazo zilitoa cheche nyingi mno zikipewa umeme wa mara 50 kama huu wa majumbani. Italia, kwenye njia zake za kawaida, inatumia mkondo nyoofu, usiogeuka, wa volti 3,000. Treni inayohitaji megawati 1 itavuta kiasi cha amperi 67 Uswisi, lakini Italia itavuta amperi 333. Ndiyo maana nyaya za mkondo nyoofu huwa nene, na vituo vya kulisha umeme hukaa karibu karibu.

Treni za TILO aina ya FLIRT, zilizotengenezwa na Stadler, zimebeba vifaa vya mifumo yote miwili. Hata hivyo mifumo hiyo haiwezi kugusana, kwa hiyo baina yake huachwa kipande cha waya kisicho na umeme. Treni ikivuka hapo ikiwa mwendoni, kazi huwa hivi. Kibao kando ya reli kinampa dereva onyo. Anaacha kuvuta, anazima swichi kuu, anashusha pantografu (mkono wa juu ya treni unaogusa waya), na treni inateleza kwa kasi iliyobaki. Taa na milango vinaishi kwa betri. Kipoza hewa kinanyamaza. Akishapita anachagua mfumo mpya, anapandisha pantografu, anatazama mita hadi isome volti inayostahiki, ndipo anawasha swichi kuu.

Makosa hapa ni mawili. Kosa la kwanza ni kuingia Italia na mpangilio wa Uswisi. Transfoma inaishi kwa mkondo unaogeuka. Ikipewa mkondo nyoofu, usumaku wake haubadiliki, umeme unapita bila kizuizi na koili inaungua. Mitambo ya ulinzi huzima kabla ya hapo, lakini mitambo nayo ina siku zake. Kosa la pili halina moshi wala kelele, nalo linaudhi zaidi: treni kusimama ndani ya kile kipande kisicho na umeme. Hapo haina pa kuvuta nguvu, na bila ya treni nyingine kuja kuisukuma haitoki. Kwa sababu hiyo taa za ishara hupangwa ili dereva asiamriwe kusimama pale.

Baada ya waya kuna ishara na breki za ulinzi, zinazojifunga zenyewe dereva akikosea. Italia ina mfumo wake unaoitwa SCMT, Uswisi ina wake, na treni lazima izungumze na yote. Dereva naye lazima awe amefunzwa kanuni za pande zote, aijue njia, na aifahamu lugha ya waongozaji. Ticino na Lombardia zote zinazungumza Kitaliano, na tunaamini hiyo ni nusu ya siri ya TILO. Kampuni inayovuka mpaka wa lugha hulipa gharama ya kufunza madereva ambayo haionekani kwenye tiketi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukirudi kwetu, Dar es Salaam pekee ina reli za upana wa aina tatu: milimita 1,000 ya Reli ya Kati, 1,067 ya TAZARA, na 1,435 ya reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Tofauti ya ile ya kwanza na ya pili ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja, lakini inatosha kuzuia behewa lisipite. Mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu.

TAZARA yenyewe, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, inavuka mpaka Tunduma na Nakonde. Hapo maofisa wa uhamiaji hupanda ndani ya mabehewa, jambo zuri, maana abiria hashuki na mizigo yake usiku. Kinachowachanganya wageni ni saa: Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Treni iliyoondoka Tunduma saa tatu inaweza kufika Nakonde saa mbili na dakika kadhaa. Ratiba isiyoandika ni saa za nchi gani itamwacha mtu stesheni.

Mfano unaotuuma ni njia ya Voi, Taveta hadi Kahe, baina ya Kenya na Tanzania. Pande zote ni reli ya mita 1, na Kiswahili ni kilekile Taveta na Holili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa, upana haukubadilika hata milimita moja. Kilichoondoka ni mtu mmoja wa kuulizwa kuhusu treni nzima, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. TILO, pamoja na volti zake mbili, inaye.

Msafiri wa Zanzibar naye hana wa kumuuliza. Anapanda daladala hadi bandarini Malindi, boti hadi Dar es Salaam, kisha anatafuta gari ya kumpeleka stesheni. Tiketi tatu au nne, wenyewe mbalimbali. Bahari ikichafuka, boti ikichelewa, treni haina habari naye, na nauli ya treni ni hasara yake peke yake.

Kwa hayo, tuna maombi mawili. La kwanza, utufikishie kwa wahusika wa boti na wa reli pendekezo la tiketi moja kutoka Malindi hadi Dodoma. Iwe na muda wa kuunganisha usiopungua dakika 90, na ruhusa ya kupanda treni inayofuata bila malipo pale boti inapokuwa ndiyo iliyochelewa. Rasimu ya ratiba iko meza namba mbili, tumeifanyia hesabu kwa boti ya asubuhi na ya mchana.

La pili, wanachama 24 na walimu wawili wanahitaji barua ya utambulisho na nauli ya boti, kwenda na kurudi, ili wakazione stesheni za TAZARA na za reli ya umeme na kuupima wenyewe kwa futikamba upana wa reli zote tatu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Uchukuzi