Mungu hakudai siku 33

Tanga, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Eliya,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako ulinikuta Ijumaa nikiwa sokoni. Niliusoma nimesimama katikati ya watu, na usiku nikaurudia. Nashukuru maumivu yamepungua na vidonda vya tumbo vimeonekana mapema. Lakini kuna maneno yako yaliyoninyima usingizi: "Daktari amenikataza kufunga, ila nikipona nitamlipa Mungu siku zangu zote." Na umeshazihesabu, 33. Ndiyo maana sikujibu kwa simu. Nimechukua kalamu na karatasi.

Dada yangu, Mungu hakudai siku 33. Hakudai hata moja.

Najua hapo utashtuka, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kufunga. Ndiyo sababu nyingine ya kukuandikia. Kuna mambo ya miaka ile sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na kauntabuku. Hukuwahi kuiona, nilikuwa naificha chini ya godoro. Nilikuwa nimeipiga mistari kwa rula: saa za maombi, sura nilizosoma, siku za mfungo, mikesha, sadaka. Jumamosi usiku najumlisha. Wiki ikiwa nzuri, Jumapili naingia kanisani kichwa juu. Ikiwa mbaya, nakaa benchi la nyuma, na ikifika Meza ya Bwana natoka nje kama mtu anayekwenda kumbembeleza mtoto. Hebu fikiri, mtu mwenye njaa anaikimbia meza kwa sababu hajafanya kazi ya kutosha!

Mwaka ule wa mfungo wa siku 21 nilikwenda Muheza kumwona mama. Ilikuwa siku yangu ya 14. Hakujua nimefunga, akanipikia ugali na kisamvu cha nazi, kile cha kutwangwa vizuri mpaka kinalainika kama siagi. Alikuwa tayari ameanza kuishiwa nguvu, na kutwanga alitwanga mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, nimefunga." Hakusema kitu. Alifunika chakula kwa kawa, akakaa kwenye mkeka, akaendelea kuchambua mchele. Nami nilikwenda chumbani nikaandika: siku ya 14, nimeshinda.

Jua lilipozama nilisikia anapuliza mkaa. Akaja na sahani ileile, kisamvu kimepashwa moto, ugali umesongwa upya. "Haya, saa yako imefika. Kula." Alikuwa amehesabu saa kwa ajili yangu mchana kutwa. Sikuelewa siku ile nilikuwa naonyeshwa nini. Nilikula haraka ili niwahi maombi ya saa mbili.

Siku ya 17 malaria ilinilaza. Nilikunywa dawa, nikanywa na uji. Kiongozi wetu wa maombi alipokuja kunitazama (simtaji, na wala simchukii, naye alifundishwa hivyohivyo) alisema nimevunja mfungo, kwa hiyo nianze tena siku ya kwanza. Nikaanza, homa ikiwa bado mwilini. Mama alifariki kabla ya mavuno ya mahindi, na wiki zile mbili nilizokuwa nimepanga kwenda kukaa naye nilikuwa nalipa siku. Kauntabuku ninayo mpaka leo, safu zote zimejaa. Safu ya mama sikuwa nimeipiga.

Sikupona mara moja. Kilichonifungua ni safari ile ya kwaya kwenda Unguja, ambayo wewe hukuja kwa sababu ya Eliya. Tulipelekwa kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini. Unajua lilijengwa juu ya soko la watumwa, baada ya soko lile kufungwa mwaka 1873. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni, na mwenyeji wetu alisema ndipo ulipokuwa mti waliofungiwa watumwa kuchapwa. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za zege za watu watano, na shingoni wamevikwa minyororo halisi ya enzi zile. Nilisimama pale muda mrefu. Wenzangu walipiga picha wakaondoka.

Palepale nikakumbuka mstari wa Wagalatia niliokuwa nimeukariri tangu kipaimara bila kuusikia: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Mama Eliya, waliotafsiri Biblia yetu ile ya 1952 hawakuokota maneno. Ungwana, kuandikwa huru, kongwa: hayo ni maneno ya watu wa pwani hii, waliojua yanavyouma. Kongwa ni mti wenye panda. Panda inakaa shingoni, inafungwa kwa chuma, na mtu anatembea nao kutoka bara mpaka baharini. Na mtumwa aliyeachwa aliandikiwa hati. Alikuwa huru kwa sababu imeandikwa, hata kama jana yake alilima vibaya.

Mwenyeji wetu alituambia jambo jingine. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja, mwaka 1897, mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na wengi hawakwenda. Walibaki kwenye mashamba ya mabwana zao. Wengine hawakuwa na ardhi wala pa kwenda, siwezi kuwahukumu. Lakini mimi sikuwa na udhuru huo. Nilikuwa na nyumba ya Baba, nikalala shambani.

Tena fidia ililipwa na serikali, wakapewa mabwana. Jambo hilo lilinikasirisha na linanikasirisha bado, kwa sababu aliyechapwa ndiye aliyestahili kulipwa. Ila neno lenyewe lilinishika: fidia. Bwana Yesu alisema alikuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi". Haikutoka mfukoni mwa mtumwa. Sasa mtu aliyekombolewa hivyo, akiamka kila asubuhi kupeleka senti zake kwa bwana wa zamani, tutasema ni mcha Mungu au tutasema hajaamini hati yake?

Rudi kwa Wagalatia, usome barua nzima kwa mkupuo mmoja, utaimaliza kabla chai haijapoa. Wale watu hawakuwa walevi wala wazinzi. Walikuwa wanataka kuongeza tohara juu ya Kristo, jambo la dini kabisa. Na Paulo ndiko alikowaka kuliko kote: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Halafu sura ya 5 anawaambia, "mmeanguka na kutoka katika hali ya neema." Angalia neno hilo tunavyolitumia sisi. Binti akipata mimba, tunasema ameanguka, anatengwa. Lakini Paulo anawaambia walioanguka ni wale wanaotaka kuhesabiwa haki kwa sheria. Kwa kipimo chake, mwaka wangu wa kauntabuku iliyojaa ndio niliokuwa nimeanguka, na hakuna aliyenitenga. Walinipa uongozi.

Utaniuliza kama ulivyouliza siku ile kwenye jumuiya: basi kila mtu afanye anavyotaka? Swali hilo Paulo aliulizwa pia, na jibu lake ni "Hasha!" Sikuambii uache kuomba. Mimi bado nafunga, Mama Eliya, na sasa nafunga kwa raha. Zamani nilikuwa naangalia saa. Siku hizi chakula cha mchana huo nampelekea jirani yangu mgonjwa, tunakaa, tunaongea, na maombi yanakuja yenyewe kwenye mazungumzo. Nikishindwa, nakula. Sadaka natoa, na siangalii tena ubao wa majina ya waliotoa. Tena nimegundua nachukia dhambi zaidi kuliko zamani. Zamani niliiogopa kwa sababu ingeharibu hesabu yangu. Sasa inaniuma kwa sababu inamuumiza anayenipenda.

Ndugu mkubwa wa mwana mpotevu alikuwa na kauntabuku yake pia. "Mimi nimekutumikia miaka mingapi hii." Alisimama nje, ngoma inalia ndani. Na baba akatoka kumsihi, yule yule baba, akamwambia, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Nimelia juu ya neno "mwanangu" mara nyingi kuliko juu ya ndama aliyenona. Alikuwa mwana muda wote alipokuwa akijihesabu kibarua.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache. Hilo karatasi uliloandika siku 33, lichane. Usilihifadhi mpaka upone, lichane leo. Usiache kwenda ibada kwa kuona aibu kwamba kwenye maombi ya wanawake wenzako wanafunga na wewe unakula. Ukiulizwa, sema daktari amekataza, basi, usijieleze zaidi. Na usiku tumbo likikuamsha, kama huna maneno, sema tu "Baba". Anakusikia ukiwa umelala kitandani vilevile kama ulivyokuwa ukipiga magoti kwenye saruji.

Nimeongea na mume wangu. Jumamosi ya wiki ijayo napanda basi la asubuhi, nitafika kwako kabla ya jioni na nitalala siku mbili. Nitapika mimi. Kisamvu sijui kama tumbo lako litakikubali sasa, muulize daktari. Kama hapana, tutakula viazi na uji. Nitakuja na kawa ya mama, ninayo hapa ukutani, maana najua wewe ukiona chakula mchana utasema bado hujasikia njaa. Nitakifunika, nitakusubiri.

Dawa unywe kwa saa zake. Msalimie Baba Eliya na watoto wote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Faraja